Istilahi za Usonji na Lugha ya Mlezi: Kumsaidia Mtoto Mdogo Kuwasiliana na Wenzake

Miongoni mwa kazi zinazowafikia watafsiri wetu siku hizi ni vijitabu na miongozo inayokusudiwa wazazi wa watoto wenye usonji. Maandishi hayo hutakiwa kwa haraka, na mtafsiri hulazimika kuunda istilahi huku anatafsiri. Matokeo yake ni sentensi za namna hii: “Mlezi ahimizwe kutekeleza uingiliaji kati wa mapema ili kuimarisha umakini wa pamoja na mawasiliano ya kijamii ya mtoto.” Maneno yote ni ya Kiswahili, na sarufi yake haina kasoro. Lakini mama wa mtoto wa miaka 2 na nusu, ambaye haitiki akiitwa jina lake, akishakiweka kijitabu hicho chini hajui la kufanya jioni ile.

Katika makala haya tunakusudia kuzieleza dhana zilizo muhimu katika kazi ya kuwasaidia wazazi wa watoto hao, na kupendekeza maneno yanayofaa. Rai yetu ni moja, nayo ni kwamba istilahi inayomlenga mlezi haina budi kuwa kitendo anachoweza kukifanya, na isiwe hukumu juu yake wala juu ya mtoto wake.

Jina la hali yenyewe

Neno la kitaalamu linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya lilibuniwa na daktari Eugen Bleuler wa Uswisi, ambaye alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1911 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya “nafsi” au “mwenyewe”. Bleuler hakuwa akizungumza juu ya watoto. Alikuwa akieleza tabia ya baadhi ya wagonjwa wa akili ya kujitenga na ulimwengu. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alilichukua neno hilo alipoandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao tangu utotoni hawakuhusiana na watu kama ilivyozoeleka. Kiarabu nacho kilifuata njia iyo hiyo ya maana kwa kutumia mzizi wenye dhana ya umoja na upweke, na ndiko lilikotoka neno tawahudi linaloonekana katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili. Neno lililoenea zaidi kwetu ni usonji, nalo lina faida moja kubwa: halimwambii msomaji kwamba mtoto amejitenga kwa hiari yake. Tunapendekeza lishikwe hilo.

Hata hivyo, jina jema huweza kuharibiwa na kitenzi kinachoandamana nalo. Katika fomu za ofisi na hata katika magazeti tunasoma kwamba mtoto “anaugua usonji” au kwamba ni “mgonjwa wa usonji”. Usonji si maradhi yanayoingia na kutoka mwilini. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo, na mtoto huyo atakuwa mtu mzima mwenye usonji. Kwa hiyo tuseme mtoto ana usonji, au mtoto mwenye usonji. Na katika fomu, mahali palipoandikwa “aina ya ugonjwa” paandikwe “hali”.

Neno jingine ni wigo. Kutokana na utafiti wa Lorna Wing na Judith Gould, uliochapishwa mwaka 1979 juu ya watoto wa eneo la Camberwell mjini London, wataalamu walianza kutambua kwamba hali hii haina sura moja. Leo Shirika la Afya Duniani, katika mwainisho wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, linaziweka sura hizo zote chini ya wigo mmoja wa usonji. Mwalimu anayelisoma neno wigo kwa maana yake ya uzio asidhani kwamba wote waliomo ndani wanafanana. Yumo asiyesema neno hata moja, na yumo asemaye sana juu ya jambo moja tu lakini hajui namna ya kumpisha mwenzake naye aseme.

Lawama iliyojificha katika maneno

Historia ya elimu hii inatuonya. Katika miaka ya 1940 na iliyofuata, baadhi ya wataalamu wa Marekani walieneza fikra kwamba watoto hao wamekuwa hivyo kwa sababu wazazi wao, hasa mama, hawana mapenzi. Mama wakafananishwa na jokofu. Bruno Bettelheim aliitetea fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967, ijapokuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha ipinga kwa hoja mwaka 1964. Fikra hiyo imekataliwa kabisa na sayansi. Lakini kwa miaka mingi neno moja la mfano liliwatia wazazi hatia isiyo yao.

Kwetu lawama huja kwa maneno mengine: laana, mapepo, mama aliyekiuka miiko, mtoto asiye na adabu. Kwa sababu hiyo mtafsiri ajihadhari na semi kama “kurekebisha malezi” au “kumfundisha mzazi kupenda”. Mzazi hafundishwi stadi hizi kwa kuwa alikosea. Anafundishwa kwa kuwa mtoto wake anahitaji ishara zilizo wazi zaidi, na subira ndefu zaidi, kuliko watoto wengine.

Mawasiliano si usemi

Wazazi wengi humpeleka mtoto hospitali kwa sababu hasemi. Wakiambiwa kwamba mtoto atasaidiwa “mawasiliano”, huelewa kwamba atafundishwa kusema, na hurudi nyumbani wakamkalisha na kumwamuru: “Sema mama! Sema maji!” Ni juu yetu kupambanua maneno matatu. Usemi ni sauti zinazotoka kinywani. Lugha ni mfumo wa maneno na kanuni zake. Mawasiliano ni kupeleka na kupokea maana, hata kwa jicho, mkono, sauti isiyo neno au picha. Mtoto anayekushika mkono na kukuvuta hadi kwenye mtungi amekwisha wasiliana, ingawa hajasema.

Kuhusu kivumishi “ya kijamii”, masikioni mwa wananchi wengi jambo la kijamii ni lile la umma: huduma, ustawi au mitandao ya simu. Istilahi “mawasiliano ya kijamii” imekwisha zoeleka katika ripoti za wataalamu na yaweza kubaki humo. Katika maandishi ya wazazi tunapendekeza “kuwasiliana na wenzake”, maana hilo ndilo jambo linalokusudiwa: si kutaja majina ya vitu, bali kumwendea mtu mwingine na kushirikiana naye.

Kuitikia

Lugha yetu ina vitenzi viwili ambavyo mtafsiri huenda akavidhania kuwa kimoja: kujibu na kuitikia. Anayejibu hujibu swali, barua au hoja. Anayeitikia hupokea wito, hodi, wimbo au dua. Hapimwi kwa usahihi wa maneno yake, bali kwa kuwa amesikia na yupo. Miongozo ya kigeni inaposisitiza kwamba mzazi amjali mtoto kwa kila ishara anayoitoa, watafsiri huandika “mzazi amjibu mtoto ipasavyo”. Mzazi husubiri swali, na swali haliji. Neno linalotakiwa hapa ni kuitikia.

Tuchukue mfano. Mtoto amekaa uani akipanga vifuniko vya chupa za soda katika mstari, saa nzima, bila kumtazama mtu. Mlezi anayeitikia hamnyang’anyi vifuniko ili amfundishe kuhesabu. Huketi mbele yake, kimo kwa kimo, akachukua kifuniko kimoja na kumpa huku akisema neno moja tu: “Kifuniko.” Kisha hunyamaza na kusubiri, hata kwa muda wa kuhesabu 10 kimoyomoyo. Mtoto akinyoosha mkono, akitoa sauti, au akitupa jicho upande ule, hiyo ni hatua yake, nayo huitikiwa papo hapo kwa kifuniko kingine. Kanuni zilizomo ni tatu: kuanza na kile akipendacho mtoto, kusema maneno machache, na kusubiri. Tumezitaja kwa vitenzi kwa makusudi, kwani “ufuataji wa uongozi wa mtoto”, kama ilivyopata kutafsiriwa, humfanya mzazi adhani kwamba ameambiwa amtii mtoto.

Kwamba jambo hili lina uzito lilionekana Uingereza, katika utafiti wa watoto 152 wenye usonji, wa umri wa miaka 2 hadi karibu 5, uliochapishwa mwaka 2010. Wazazi wa kundi moja walipigwa picha za video wakicheza na watoto wao, kisha wakazitazama pamoja na mshauri na kutafuta mahali ambapo mtoto alitoa ishara na mzazi akaiitikia. Wazazi hao walizidi kuitikia, na watoto wao walizidi kuanzisha mawasiliano, ingawa dalili za usonji kwa jumla hazikubadilika sana wakati ule. Watoto walipofuatiliwa miaka 6 hivi baadaye, katika taarifa ya mwaka 2016, dalili za kundi hilo zilikuwa nafuu kuliko za wenzao. Lililopatikana si kupona, bali ni nafuu ya dalili.

Kuzingatia pamoja na kuonyesha kwa kidole

Dhana ya pili yenye utata ni ile hali ambapo mtoto na mtu mwingine wanaelekeza fikira zao kwenye kitu kimoja, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake naye yumo. Wapo walioiita “uangalizi wa pamoja”; lakini uangalizi ni ulinzi na usimamizi. Wapo walioiita “umakini wa pamoja”. Lakini umakini kwa wengi ni utulivu na uangalifu wa mtu mmoja. Tunapendekeza uzingatifu wa pamoja, na kwa wazazi, kuzingatia pamoja. Kitenzi hiki hakifungamani na macho peke yake: mtoto na bibi yake wanaotega masikio honi ya basi linalopita nao wanazingatia pamoja.

Ishara iliyo dhahiri zaidi ya jambo hili ni kidole. Hapa tuna onyo la kimatumizi: kwetu, “kumnyooshea mtu kidole” ni kumlaumu. Istilahi iwe kuonyesha kwa kidole. Nayo ina namna mbili ambazo mwalimu hana budi kuzitenganisha. Kuna kuonyesha ili kupewa, kama mtoto anayeelekeza kidole kwenye embe lililo juu ya meza. Kuna pia kuonyesha ili kushirikisha, kama mtoto anayeelekeza kidole kwa ndege angani kisha akamgeukia baba yake. Hataki apewe ndege, anataka wamwone wote wawili. Mtoto mwenye usonji huweza kuwa nayo namna ya kwanza, au kuutumia mkono wa mtu mzima kama chombo cha kufikia kitu, huku namna ya pili ikichelewa sana. Mtoto ambaye hadi miezi 18 hajaonyesha chochote ili kushirikisha anafaa kupelekwa kwa mtaalamu, na mzazi asiambiwe angoje kwa kuwa “watoto wa kiume huchelewa”.

Baadhi ya miongozo hufanya kukutana macho kuwa lengo. Mtafsiri aangalie asije akaandika “mtoto amkazie mzazi macho”, ambalo kwetu ni jambo la utovu wa adabu; tena katika nyumba nyingi mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Tuseme kutazamana. Mlezi akae mahali ambapo mtoto akitaka kumtazama ataweza, lakini asimshike kidevu kumlazimisha. Vivyo hivyo, mtoto asiyeweza kutamka “shikamoo” aruhusiwe kupunga au kugusa mkono wa mzee, na wazee waelezwe kwamba huko ndiko kuamkia kwake kwa sasa.

Kupokezana

Mazungumzo yote hujengwa juu ya zamu. Neno kupokezana linatufaa sana, kwa sababu ndani yake mna kutoa na kupokea. Utamaduni wetu una michezo mingi ya namna hii: “Hodi!” na “Karibu!”, “Kitendawili!” na “Tega!”, kupiga makofi kwa kupeana zamu, kujificha nyuma ya kanga na kuchungulia. Mlezi aweza kuucheza mchezo wa hodi mara nyingi kwa namna ile ile, kisha siku moja akabisha hodi na kunyamaza. Katika ule ukimya mtoto hupata nafasi ya kuitikia, kwa neno, sauti au mguno.

Hapa pia tunashauri kutenganisha kucheza na michezo. Mzazi anayesoma kwamba mtoto wake atasaidiwa kwa “tiba ya michezo” hufikiria mpira na riadha. Kinachokusudiwa ni kucheza na mtoto.

Mwangwi na nafsi

Watoto wengi wenye usonji wanapoanza kusema hurudia maneno waliyoyasikia, ama papo hapo ama baada ya siku nyingi. Wapo waliopendekeza jambo hili liitwe “ukasuku”. Hatuliungi mkono neno hilo, kwani kasuku katika lugha yetu ni mfano wa asemaye asichokielewa. Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha kwamba marudio ya papo hapo huwa na kazi mbalimbali, nao walizihesabu 7. Miongoni mwake ni kushika zamu, kukubali na kuomba. Tunapendekeza usemi wa mwangwi, ugawanywe kuwa mwangwi wa papo hapo na mwangwi wa baadaye.

Pamoja na mwangwi huja jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani huliita kugeuza viwakilishi: mtoto hujiita “wewe” na kumwita mwingine “mimi”. Tukilitafsiri jina hilo neno kwa neno tutapotosha, maana katika Kiswahili nafsi hukaa ndani ya kitenzi, na viwakilishi huru hutumika kwa nadra. Mama huuliza kila asubuhi, “Unataka uji?” Mtoto akiona njaa husema kwa sauti ile ile ya mama, “Unataka uji?” Hakuna kiwakilishi kilichogeuzwa; ni kiambishi u- kilichobaki mahali ambapo panahitajika ni-. Mwalimu anayetafuta “mimi” na “wewe” hataliona tatizo. Istilahi iliyo sahihi kwetu ni kugeuza nafsi.

Tofauti hii inabadilisha hata ushauri. Miongozo ya kigeni humwambia mzazi akikazie sauti kiwakilishi cha nafsi ya kwanza. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, si kiambishi cha nafsi. Na katika mazungumzo ya kila siku “ninataka” hufupishwa kuwa “nataka”, ambalo hupishana na “unataka” mwanzoni tu. Ushauri unaofaa ni mwingine: mlezi apunguze maswali, na aseme neno kama ambavyo mtoto angelisema. Mtoto anaponyoosha mkono kwenye kikombe, mlezi aseme “Nataka uji,” kisha ampe. Mtoto akiurudia usemi huo, mwangwi wake utakuwa tayari na nafsi iliyo sahihi.

Msaada, tiba na uingiliaji

“Uingiliaji kati wa mapema” tunapendekeza uachwe. Kuingilia kati ni kazi ya msuluhishi katika ugomvi, au ya mtu asiyealikwa. Tuseme msaada wa mapema. Neno “tiba” nalo litumike kwa uangalifu, kwa kuwa huahidi kupona, na mzazi aliyeahidiwa kupona huhama kutoka kwa mganga mmoja hadi mwingine huku miaka muhimu ya mtoto ikipita.

Neno mlezi, kwa upande mwingine, ni hazina. Linamkusanya mama, baba, bibi, shangazi na dada wa nyumbani, ambao mara nyingi ndio wanaoshinda na mtoto. Shirika la Afya Duniani limelenga watu hao katika mafunzo yaliyochapishwa mwaka 2022 kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa au ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vinavyoweza kuendeshwa hata na watu wasio wataalamu baada ya kufunzwa. Mafunzo ya aina hii hutegemea sana lugha itakayotumika katika vikao hivyo.

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo:

Usonji, mtoto mwenye usonji: badala ya “mgonjwa wa usonji”.
Kuwasiliana na wenzake: kwa wazazi, badala ya “mawasiliano ya kijamii”.
Kuitikia: badala ya “kujibu ipasavyo”.
Kuzingatia pamoja: badala ya “uangalizi” au “umakini wa pamoja”.
Kuonyesha ili kupewa. Kuonyesha ili kushirikisha: namna mbili za kuonyesha kwa kidole.
Kupokezana: zamu za mawasiliano.
Usemi wa mwangwi: badala ya “ukasuku”.
Kugeuza nafsi: badala ya “kugeuza viwakilishi”.
Msaada wa mapema: badala ya “uingiliaji kati wa mapema”.

Mapendekezo haya hayajawa kauli ya mwisho. Yamkini walimu wa madarasa ya watoto wenye usonji, na walezi wenyewe, wana maneno bora zaidi wanayoyatumia kila siku bara, pwani na visiwani. Tunawaomba watuletee, pamoja na mifano ya matumizi. Kabla ya kukubali neno lolote tutaliuliza swali lile lile: mlezi akishakiweka kijitabu chini, atafanya nini na mtoto wake?